Kelele Kama Matini: Uhakiki wa Ukarabati wa Kanda za Taarabu Zilizorekodiwa na Hadhira

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kanda za taarabu zilizorekodiwa na waalikwa katika harusi za pwani ya Afrika Mashariki zinavyokarabatiwa pindi zinapohamishiwa katika mfumo wa dijitali. Hoja kuu ni kwamba ukarabati unaolenga kuondoa kelele huondoa pia sehemu ya matini: sauti ya hadhira, mpumuo wa konsonanti za lahaja, na alama za kiufundi zinazomwezesha mtafiti kujua kasi halisi ya kanda. Kwa kuongozwa na mkabala wa utendaji wa Bauman (1977) pamoja na kanuni za uhakiki wa matini, makala yanapendekeza kila kanda ihifadhiwe kwanza kama ilivyo, iandikiwe isnadi yake, na ifunguliwe kwa umma kwa kuzingatia ridhaa ya wenye sauti. Mapendekezo yanaelekezwa kwa asasi za lugha na urithi katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Rwanda ikiwamo.

Istilahi muhimu: taarabu, hadhira, kanda, ukarabati, isnadi, Kimvita

1.0 Utangulizi

Mwaka 2021 Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati yaliyoko Tervuren, Ubelgiji, yaliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za nyimbo za jadi zaidi ya 4,000. Makabidhiano hayo yalikuwa jambo la haki, na yameipa Inteko y'Umuco, asasi ya urithi wa utamaduni ya Rwanda, mahali pa kuanzia. Hata hivyo, yanaibua swali ambalo halijajadiliwa vya kutosha. Mkusanyiko wa aina hiyo kwa kiasi kikubwa huwa na kile ambacho mtafiti alichagua kukirekodi, kwa mashine yake, mbele ya wasanii waliojua kwamba wanarekodiwa. Ipo hazina nyingine ambayo haikuondoka Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyo hakuna wa kuirudisha. Hizo ni rekodi zilizofanywa na hadhira yenyewe.

Kwa upande wa Kiswahili, mfano ulio bora zaidi wa hazina hiyo ni kaseti za taarabu za harusini. Kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na katika miongo iliyofuata redio kaseti ilienea katika nyumba za Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja. Mwalikwa aliweza kuweka mashine yake karibu na jukwaa au mbele ya spika, akabonyeza kitufe, na kuondoka na usiku mzima wa Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh au Matano Juma mfukoni. Kanda hizo zilinakiliwa, zikaazimwa, zikapelekwa Uarabuni na Ulaya na jamaa waliohama. Leo nyingi zimo katika masanduku ya watu binafsi.

Muda wa kuziokoa ni mfupi. Mwaka 2019 UNESCO, kupitia programu yake ya Habari kwa Wote na kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Hifadhi za Sauti na Picha (IASA), ilitoa tahadhari kuhusu utepe wa sumaku. Tahadhari hiyo iliutaja mwaka 2025 kuwa ukomo wa takribani ambapo mashine za kusomea tepe, vipuri vyake na mafundi wake vingekuwa adimu mno kwa kazi kubwa ya uhamishaji. Ukomo huo umeshafika. Kwa hiyo kazi inayofanywa sasa, vizuri au vibaya, huenda ndiyo ya mwisho kufanywa kutoka kwenye utepe wenyewe. Ndiyo sababu ubora wa ukarabati ni suala la sera na hauwezi kuachiwa fundi peke yake.

Swali hili linaihusu Kigali moja kwa moja. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na mitaa ya Nyamirambo, hasa Biryogo, imetambulika kwa miaka mingi kuwa makao ya wasemaji wa Kiswahili. Nchi iliyokwisha kupokea urithi wake wa sauti kutoka nje ina la kusema juu ya namna ya kuushughulikia ule uliobaki ndani ya eneo hili.

2.0 Kanda ya harusi ni matini ya aina gani

Finnegan (1970) alisisitiza kwamba fasihi simulizi haiwezi kutenganishwa na utendaji wake. Bauman (1977) alikwenda mbele zaidi: utendaji ni mwafaka kati ya mtendaji na hadhira, ambapo mtendaji hukubali kupimwa na hadhira hupewa jukumu la kupima. Tukiukubali mkabala huu, rekodi iliyomnasa mtendaji bila mpimaji wake imenasa nusu ya tukio.

Historia ya taarabu inathibitisha hasara ya nusu hiyo. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928. Santuri zake zina thamani isiyopimika, lakini hadhira ya Unguja haikuwamo chumbani. Fair (2001), alipochunguza nyimbo za Siti kama vile "Kijiti", alilazimika kuwauliza wazee waliokumbuka mambo yaliyozungukia nyimbo hizo, kwa sababu santuri haikueleza nani alisemwa na kwa nini mji mzima ulielewa. Shaaban Robert naye, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alituachia kwa maneno yake mwenyewe habari za mwimbaji ambazo mashine haikuweza kuzibeba. Matini ya wimbo ilihifadhiwa na kampuni, na maana yake ikahifadhiwa na vinywa vya watu. Vinywa hivyo vilipofumba, kilichobaki ni sauti isiyo na muktadha.

Kanda ya mwalikwa huviweka viwili hivyo pamoja. Ndani yake mna mwimbaji, wapigaji, wapambe, watoto, sahani, mshereheshaji, na mwenye mashine anayezungumza na jirani yake. Kwa mtayarishaji wa santuri hayo yote ni uchafu. Kwa mhakiki ni ushahidi wa upokezi: ubeti gani uliamsha vigelegele, upi ulipokewa kwa kimya, na upi uliombwa urudiwe.

Tuchukue suala la rudio. Ahmad Nassir, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971, alimtungia Juma Bhalo nyimbo nyingi; Zein l'Abdin naye aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany. Katika maandishi, shairi la namna hii ni beti zenye mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita kwa kawaida. Jukwaani mshororo mmoja huweza kurudiwa mara mbili au tano, kutegemea nani amesimama kwenda kutunza. Askew (2002) ameonyesha kwa mifano ya Tanga kwamba mwanamke anayetoa tuzo wakati wa mshororo fulani huufanya mshororo huo kuwa kauli yake mwenyewe, mara nyingi kauli inayomlenga mtu aliye ukumbini. Kwa hiyo idadi ya marudio na mahali yalipotokea ni usomaji wa shairi uliofanywa hadharani. Hakuna diwani wala santuri ya mizunguko 45 kwa dakika, yenye nafasi ya dakika chache tu kila upande, inayoweza kutupa usomaji huo.

3.0 Kinachopotea katika usafishaji

Ukarabati wa kanda una hatua kadhaa, na si zote zina madhara sawa. Kuondoa kuvu, kubadilisha ganda lililovunjika na kurekebisha pembe ya kichwa cha kusomea ni hatua za lazima. Tatizo huanza sauti inapokwisha kuingia katika kompyuta. Hapo hufanyika mambo matatu: kukata, kusafisha na kutenganisha.

Kukata ni kuondoa vipande visivyo wimbo: maneno kati ya nyimbo, kupima ala, matangazo ya waliotoa tuzo. Mhariri hufanya hivyo ili msikilizaji asichoke. Lakini vipande hivyo ndivyo hubeba majina ya mahali, jina la maharusi, salamu kwa wageni waliotoka mbali, na wakati mwingine maelezo ya mwimbaji juu ya mtunzi wa wimbo unaofuata. Kanda isiyo na maandishi kwenye ganda lake hutambuliwa kwa vipande hivi tu. Mhariri akivitupa, ametupa cheti cha kuzaliwa cha kanda.

Kusafisha ni kupunguza ule mvumo wa shii usiokatika ambao kila kaseti huwa nao. Programu huchukua sampuli ya mvumo huo mahali palipo kimya, kisha huuondoa katika kanda nzima. Hapa ndipo mwanaisimu anapaswa kuwa macho. Katika Kimvita, mpumuo hutofautisha maana: paa la nyumba halina mpumuo, ilhali paa mnyama anao, vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Othografia sanifu haiandiki tofauti hiyo, na wasemaji wengi wa Kiswahili sanifu hawanayo tena katika matamshi yao. Kwa hiyo sauti iliyorekodiwa ni miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki. Kifonetiki, mpumuo ni pumzi fupi, hafifu, isiyo na mghuno, na kwa hali hiyo unafanana na mvumo wa utepe kuliko unavyofanana na irabu. Programu iliyoelekezwa kuondoa mvumo haina njia ya kujua kwamba pumzi hiyo ni fonimu. Hatari hiyo huvikabili pia vikwamizo, na ile tofauti ya t ya meno na t ya ufizi ambayo Kimvita imeitunza.

Hasara hii inagusa uhakiki wa fasihi moja kwa moja, kwa kuwa taarabu hujengwa juu ya mafumbo, na fumbo hupenda maneno yanayokaribiana kwa sauti. Kanda iliyosafishwa kupita kiasi inaweza kumpa mtafiti wa baadaye utata ambao mtunzi hakuuweka, au kumnyima ule aliouweka kwa makusudi.

Kutenganisha ni hatua mpya zaidi. Zipo programu za akili unde zinazoweza kuitoa sauti ya mwimbaji kutoka katika mchanganyiko wa ala na watu. Matokeo yake hupendeza sikioni. Lakini palipo na pengo programu hizo hukisia kinachopaswa kuwapo, na makisio yake hutokana na sauti ilizofunzwa nazo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba zilifunzwa kwa Kimvita, wala kwa mlio mkali wa tashkota unaotambulisha taarabu ya Mombasa. Katika uhakiki wa matini tungemwita mnakili wa namna hiyo mnakili anayetunga. Mhakiki yeyote wa miswada ya tenzi anaijua hatari yake.

Lipo pia jambo dogo la kiufundi linaloonyesha jinsi kelele inavyoweza kuwa chombo cha mtafiti. Redio kaseti nyingi hazikuenda kwa kasi sahihi, hasa betri zilipochoka. Kanda iliyorekodiwa polepole husikika ikiwa na kasi na sauti ya juu inapochezwa kwenye mashine nzima, na mwimbaji hugeuka kuwa mtu mwingine. Namna moja ya kuijua kasi ya awali ni mvumo wa umeme ulionaswa kutoka kwenye spika au kwenye mashine yenyewe. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hetzi 50. Mvumo ukisomeka hetzi 52, kanda inakwenda kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 4, yaani karibu theluthi mbili za nusutoni. Kipimo hiki huhitaji kuthibitishwa kwa njia nyingine pale ambapo umeme ulitoka kwenye jenereta, lakini ni bora kuliko kukisia kwa sikio. Hata hivyo, mvumo wa umeme huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuondolewa na msafishaji. Anayeuondoa kabla ya kurekebisha kasi amevunja mizani kabla ya kupima.

4.0 Hoja za upande wa pili

Haitakuwa haki kuwasilisha usafishaji kama uharibifu mtupu. Zipo hoja tatu zinazostahili kujibiwa.

Ya kwanza ni ya msikilizaji. Kanda isiyosafishwa huchosha, na urithi usiosikilizwa haurithiwi. Mfululizo wa Zanzibara uliohaririwa na Werner Graebner na kutolewa na Buda Musique tangu 2005 umeifikisha taarabu kwa watu wengi kwa sababu unasikilizika. Juzuu yake ya pili, inayohusu taarabu ya Mombasa ya 1965–1975, imezirudisha hai rekodi za Mzuri, lebo ya duka la Assanand & Sons. Hoja hii ni sahihi kwa kiwango chake. Ila chanzo cha juzuu hiyo ni rekodi za kibiashara, ambazo tangu mwanzo zilikusudiwa kuwa safi. Kuisafisha rekodi ya namna hiyo ni kuirudisha karibu na hali yake ya awali. Kanda ya harusi haikuwahi kuwa safi, na kuisafisha ni kuipa hali ambayo haikuwa nayo. Kigezo kinachofaa kwa moja hakiwezi kuhamishiwa kwa nyingine bila marekebisho.

Ya pili ni ya gharama. Kuhifadhi nakala ghafi na nakala ya kusikilizia ni kuhifadhi mara mbili. Mwongozo wa IASA unapendekeza uhamishaji wa kiwango kisichopungua kilohetzi 48 na biti 24, na mafaili ya kiwango hicho ni makubwa. Lakini gharama kubwa zaidi ni ya saa za fundi na mashine nzima ya kusomea. Saa hizo zikiisha kutumika, kutunza faili ghafi ni nyongeza ndogo, na kutolitunza ni kuitupa kazi iliyokwisha kulipiwa.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni ya heshima. Hadhira inayosikika katika kanda haikuombwa ruhusa. Harusi za pwani zina sehemu za wanawake peke yao, ambamo maneno husemwa kwa uhuru kwa sababu hakuna asiyehusika. Kanda ya sherehe ya namna hiyo inaweza kuwa na sauti za wanawake ambao wao au watoto wao wako hai, na mafumbo yaliyomlenga jirani anayejulikana mtaani mpaka leo. Mtu anaweza kusema kwamba kuisafisha kanda, kukata maneno ya pembeni na kumbakiza mwimbaji peke yake, ni kuwasitiri. Makala haya yanalikubali lengo lakini hayaikubali njia. Sitara hupatikana kwa kudhibiti nani asikilize na lini. Kufuta ushahidi ni uamuzi usioweza kutenguliwa, na mara nyingi hufanywa na mtu asiyekuwa na haki ya kuufanya.

5.0 Isnadi ya kanda

Mhakiki wa matini za kale huuliza kwanza: nakala hii imetoka kwa nani, naye aliipata kwa nani? Jamii za pwani zina neno lililokomaa kwa swali hilo, yaani isnadi, mlolongo wa wapokezi unaoipa habari uzito wake. Kanda inahitaji isnadi vilevile. Kaseti iliyonakiliwa mara nne imepoteza sauti za juu mara nne, na kila mnakili huenda alikata, alipanga upya nyimbo, au alijaza upande uliobaki kwa usiku mwingine. Asiyejua mlolongo huo anaweza kuchambua kama onyesho moja kitu ambacho ni maonyesho mawili yaliyounganishwa dukani.

Mfano wa kufaa upo mbali na pwani yetu. Wapenzi wa bendi ya roki ya Marekani, Grateful Dead, walizoea kurekodi maonyesho yake kutoka miongoni mwa watazamaji, na mwaka 1984 bendi hiyo ikawatengea sehemu rasmi ukumbini. Wapenzi hao na wenzao walijenga desturi ya kubadilishana kanda bila kuziuza, na ya kuambatanisha na kila nakala maelezo ya maikrofoni, mashine na hatua zote za unakili. Mwaka 2002 desturi hiyo iliingia katika hifadhi ya muziki wa jukwaani ya Internet Archive. Hadhira hiyo haikuwa na shahada za ukutubi, ila ilikuwa na nidhamu ya kutaja chanzo. Wakusanyaji wa kanda za Juma Bhalo nao wana ujuzi wa namna hiyo, na wengi huweza kutaja kanda ilirekodiwa harusi ya nani. Tofauti ni kwamba ujuzi wao umo vichwani, na haujaandikwa popote.

Kwa hiyo kabla ya kanda kuguswa, mwenye kanda anapaswa kuhojiwa, na mahojiano yake yarekodiwe kwa lahaja anayoitumia. Maswali ya msingi ni machache: nani alirekodi, wapi, mashine iliwekwa wapi, nakala ni ya ngapi, nani anasikika, na wimbo upi ulimlenga nani ikiwa yuko radhi kusema. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili. Orodha nyingi za hifadhi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na neno kama "kutunza" likitafsiriwa kuwa kutoa pesa tu, nusu ya maana yake huachwa nje ya mlango.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uhakiki huu, mapendekezo manne yanatolewa kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mabaraza ya Kiswahili na asasi za urithi za nchi wanachama.

Kwanza, mradi wowote wa kanda unaopokea fedha za umma utakiwe kutunza nakala ghafi isiyokatwa wala kusafishwa, na nakala yoyote iliyokarabatiwa itaje waziwazi kilichoondolewa.

Pili, isnadi iwe sharti la kupokea kanda, na ujuzi wa wakusanyaji utambuliwe kuwa ni utaalamu unaostahili malipo.

Tatu, ufikiaji uwe wa ngazi: kanda za hadhara zifunguliwe kwa wote, kanda za faragha zisikilizwe hifadhini tu au zifungwe kwa muda unaokubaliwa na familia. Rwanda ina uzoefu wa karibu katika kutunza sauti zinazodai uangalifu, kwa kuwa Hifadhi ya Nyaraka za Mauaji ya Kimbari iliyozinduliwa Kigali mwaka 2010 imekusanya shuhuda za manusura kwa sauti na picha. Uzito wa maudhui haulinganishwi, lakini kanuni ni moja: sauti ya mtu haikomi kuwa yake kwa sababu imeingia katika hifadhi.

Nne, sheria za hakimiliki za nchi wanachama zisomwe upya kwa jicho la hifadhi. Sheria ya Tanzania Bara ya 1999, ya Kenya ya 2001 na ya Zanzibar ya 2003 zinamtambua mtunzi, mtumbuizaji na mtayarishaji wa rekodi. Mwalikwa aliyebonyeza kitufe kwa mapenzi tu hakai vizuri katika fungu lolote kati ya hayo, na hofu ya kushtakiwa inaweza kumfanya aiache kanda ioze sandukuni. Msamaha ulioandikwa wazi kwa ajili ya hifadhi zisizo za kibiashara, unaolinda haki za watunzi na waimbaji iwapo rekodi itauzwa, ungeondoa hofu hiyo.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kinachoitwa kelele katika kanda ya taarabu kina kazi tatu: ni upokezi wa shairi, ni fonetiki ya lahaja, na ni kipimo cha kanda yenyewe. Nakala iliyosafishwa inaweza kutengenezwa wakati wowote kutoka katika nakala ghafi, ila nakala ghafi haiwezi kutengenezwa kutoka katika iliyosafishwa. Kwa kuwa utepe unaendelea kuoza na mashine zinazidi kuadimika, mpangilio huo wa kazi hauwezi kusubiri mkutano mwingine.